Simba wa Mkwe Mwenzangu

Tulikuwa watu watano sebuleni kwa mwanangu, mtaa wa Kenton, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mimi, mama wa mwenye nyumba. Mwanangu mwenyewe, kitinda mimba wangu. Mkewe, mtoto wa watu wa Kroatia, aliyezaliwa hapa hapa London. Mama yake huyo mke, yaani mkwe mwenzangu, mjane kama mimi, na mimi nimemzidi miaka miwili tu. Na mjukuu wetu sote wawili, msichana wa miaka kumi. Mimi ananiita Bibi, mwenzangu anamwita Baka, ndivyo wanavyoita bibi huko kwao. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao na babu zao, mimi sisahau jina. Lakini mwanangu kaniomba nisiyatie kwenye karatasi, nami nimekubali. Shule nimesoma mpaka darasa la nne, Unguja, kwa hiyo mniwie radhi nikipinda njiani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwalimu wa mtoto alitaka kila mwanafunzi alete mzee mmoja wa nyumbani, aje darasani aeleze ukoo umetoka wapi. Mzee mmoja, si wawili. Mtoto akasema atatusikiliza sote kisha achague. Niliitaka nafasi ile, sifichi. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu mama yake aliporudi kazini. Nimemwogesha, nimemsuka, nimempeleka shule kwa miguu kwenye mvua. Mwenzangu alikuwa anakuja Jumapili na chokoleti.

Siku hiyo alikuja kavaa lulu shingoni, na karatasi kubwa imekunjwa kama ramani. Akaikunjua juu ya meza, akasogeza pembeni sahani yangu ya mkate wa kumimina. Niliona. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameshika mkate mmoja, wanaumega.

"Simba wanakula mkate?" nikasema. "Kwani huko kwenu nyama ilikuwa adimu?"

"Mama, taratibu," akasema mwanangu kwa Kiswahili.

"Nauliza tu, baba."

Mkewe akamfasiria mama yake. Mwenzangu akacheka. "Sikiliza kwanza, Bi Mkubwa," akasema. Hilo la Bi Mkubwa kafundishwa na mjukuu, na mengine tunasemezana kwa Kiingereza chetu cha kuokota.

Akaanza. Ukoo wa karatasi ile, ambao bibi yake mzaa baba alisema wametokana nao, ulianza na bwana mmoja wa kisiwani, kisiwa cha mawe na kondoo. Ng'ambo ya bahari ulikuwepo mji wa matajiri, Venisi, wenye merikebu na wenye amri. Wakampa kisiwa akitazame kwa masharti: kila mwaka alete kodi, na vita ikizuka alete watu. Akakubali. Watoto wake nao wakakubali. Upande wa bara alikuwepo mfalme mwingine. Mfalme yule alipoita, walikwenda kumpigania, naye akawapa bonde zima la mizabibu na ngome kwenye njia ya milimani. Sasa wana mabwana wawili, na kote wanaitika.

"Wanakula huku na huku," nikasema.

"Wajanja," akasema, wala haya hana.

Kisha wakaja Wamongolia kwa farasi, wanachoma kila wanachokikuta. Mfalme akakimbilia pwani hana mbele wala nyuma. Watu wa kisiwani wakampokea, wakampa vyombo na fedha. Hatari ilipopita akarudi kwenye kiti chake, na hakusahau. Wakapewa ardhi juu ya ardhi. Binti zao wakaolewa na wakubwa, mpaka mmoja wao akawa ban, maana yake gavana wa nchi nzima.

Mtoto aliandika hata kichwa hainui. Mimi nikimsimulia huandika mstari mmoja, akaanza kuuma kalamu.

"Na hawa simba?" nikauliza.

"Walipokwisha kuwa wakubwa," akasema, "walidai asili yao ni Roma, ukoo wa kale wenye jina la kumega mkate. Papa akawapa barua ya kukubali."

"Kwa hiyo walipanda kwanza, babu wakamtafuta baadaye?"

"Ndiyo hivyo."

"Babu wa kuazima!" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikadhani nimemmaliza.

Naye akasema, taratibu kabisa, "Wasomi wengi hawaamini. Hata mimi siamini. Na bibi yangu naye, kama alisema kweli nani ajuaye." Mtoto akaandika na hilo.

Zamu yangu ikafika. Mimi nina majina manane ya kweli, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa mzee wetu aliyekuwa akichoma chokaa. Alikuwa akipanga mawe ya pwani juu ya magogo, moto unawaka siku mbili, na chokaa ile ndiyo iliyojenga majumba ya mjini. Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Lakini wale simba walikuwa wananitazama pale mezani, na lulu za mkwe mwenzangu zinang'aa, nikafungua mdomo nikasema:

"Mzee wetu wa kwanza alikuwa mtoto wa sultani wa Shirazi. Alikuja na merikebu saba."

Mwanangu akatazama dari.

"Na upanga," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. "Mpini wa dhahabu."

"Upanga uko wapi?" mkwe mwenzangu akauliza.

"Ulipotea."

"Ah. Na wetu pia."

Mtoto akafunua kurasa za nyuma za daftari lake. Kiswahili anakisikia chote ila hunijibu kwa Kiingereza. "Bibi, mwaka jana uliniambia alikuwa anachoma chokaa. Mpaka kope zake ziliungua. Nimeandika hapa, na majina yote manane. Ipi ni ya kweli?"

Ningesema tu, ya chokaa. Ni maneno mawili. Lakini mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa ananisubiri, kwa wema, na wema ule ndio ulionikera zaidi.

"Zote," nikasema.

Mtoto akafunga daftari polepole. "Mwalimu kasema tusilete kitu ambacho hatuna hakika nacho." Kesho yake akamchagua Baka.

Alhamisi asubuhi nilimsuka mimi. Mkwe mwenzangu akaja kumchukua, karatasi kwapani. "Twende sote, Bi Mkubwa, utakaa nyuma."

"Nina nguo za kufua."

Sikuwa na nguo. Nilikaa jikoni na saa ya ukutani. Saa tatu na nusu nikajua wako kisiwani. Saa nne kasorobo mfalme anakimbia. Nilimfuata neno kwa neno, sikukosa hata bonde.

Mtoto aliporudi nikamuuliza kama walipiga makofi.

"Sana, Bibi."

Nikamwambia, "Ile ya chokaa ndiyo ya kweli."

"Najua," akasema, anavua viatu. "Nilijua siku ile ile." Akaenda zake chumbani.

Sasa nawaomba nyinyi mnaosoma. Ukoo ule wa kisiwani nimeueleza kama nilivyousikia mara moja tu, tena nasikiliza kwa kijicho. Kama ngome ilitangulia bonde, au mfalme alikimbilia kisiwa kingine, niambieni, nitafuta niandike upya. Hata mkwe mwenzangu akitaka kunisahihisha, karibu. Ila aje siku ya kazi, mtoto akiwa shule.