Viatu Tulivyomrudishia Papa Feruzi

Ndugu msimamizi wa kundi hili, jina langu ulifiche, lakini kisa usikipunguze. Nina miaka themanini na minane, mzaliwa wa Mangobo, hapa Kisangani. Naandika mwenyewe kwenye simu, kwa kidole kimoja, mimi ambaye zamani nililipwa kwa kupiga taipu. Watoto wangu hawajui kisa hiki. Wanakijua kingine, kilicho kizuri zaidi, nami niliwaacha wakikiamini.

Katika miaka ya hamsini, mji huu ukiitwa bado Stanleyville, nilikuwa karani katika ofisi ya Wazungu. Jumapili nilikuwa msemaji wa mashabiki wa timu yetu. Mwenye timu nitamwita Papa Feruzi, ingawa si jina lake. Alikuwa tajiri wa malori, akileta mchele kutoka Banalia. Wachezaji wote aliwapa kazi katika ghala lake, na siku za mazoezi aliwaachia mapema bila kuwakata mshahara. Tulipokuwa tukishinda, wanawake wa sokoni walimwita baba wa watu.

Vijana, lazima niwaeleze jambo moja. Timu yetu ilicheza miguu mitupu, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Wengi walikuwa watoto wa wavuvi wa maporomoko ya mto, waliozoea kusimama juu ya mawe yenye utelezi. Vidole vyao vilishika ardhi.

Siku moja Papa Feruzi alikuja ofisini kwetu. Kifaransa hakukijua kwa kuandika, basi alisema kwa Kiswahili nami nikaandika. Aliwaomba Wazungu wasimamizi wa mashindano wawaachie vijana wake wacheze walivyozoea. Jibu lilifika, na ni mimi niliyemsomea: timu isiyo na viatu itaondolewa. Akaniambia, "Mwanangu, neno hili libaki kati yetu. Watu wakisikia watafanya fujo kwa Wazungu, na watakaofungwa jela ni vijana. Acha wanilaumu mimi."

Akanunua viatu vya ngozi ngumu, jozi kwa kila mchezaji, akawapa wiki mbili tu kabla ya mchezo mkubwa. Mvua ilinyesha. Vijana wetu walianguka kama ndama waliozaliwa leo, tukafungwa mabao matano.

Jioni ile, kwa kinyozi, kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya tajiri.

"Anataka bafanane na Bazungu," alisema kinyozi. "Yeye mwenyewe anakulaka na bo meza moja."

Mvuvi mmoja mzee akacheka. "Weye ulishaona wapi samaki inavaa viatu?"

"Hapana, ameuza match," mwingine akapaza sauti. "Mutu wa biashara anauzaka kila kitu, hata sisi!"

Mama muuza kwanga, mikate ya muhogo, peke yake alimtetea. "Bwana zangu, yule papa amelisha watoto yenu. Leo mumesahau?"

"Mama, uza kwanga yako!"

Halafu wakanigeukia. "Ndugu karani, weye iko na Bazungu kila siku, unajua mambo. Alors, ameuza ao hakuuza?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kunyamaza, na siri ya mzee ingebaki salama. Lakini watu zaidi ya thelathini walikuwa wakinitazama, nami nilipenda kutazamwa. Nikasema, polepole, kama mtu mwenye habari: "Mwenye akili ajiulize kwa nini alinunua viatu ghafla."

Neno hilo halikuwa jibu, lakini lilifanya kazi mbaya kuliko jibu. Walishangilia.

Kwetu, kumrudishia mtu zawadi yake mlangoni, mchana, watu wakiona, ni kumwambia kwamba undugu umekwisha. Kesho yake, baada ya kazi, tulikusanya viatu vyote tukavifunga kwa kamba. Mimi nilitangulia, mzigo begani. Papa Feruzi alitoka mwenyewe. Niliogopa atasema mbele ya watu, "Hata wewe, uliyenisomea barua?" Hakusema hivyo. Aliniangalia, akapokea mzigo kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Umechoka, pumzika." Nyuma yangu watu walikuwa wakizomea.

Aliacha timu. Kabla ya mwaka kwisha timu ilivunjika, naye akahamia Banalia, ambako alikufa. Mimi nikabaki shujaa. Wajukuu wangu husimulia hadi leo jinsi babu yao alivyomfukuza msaliti.

Mwezi uliopita alikuja binti yake, mama mzee sasa. Nitamwita Mama Zaina. Jamaa zao watakusanyika Jumapili ijayo kumkumbuka marehemu, na wa kwangu wamealikwa pia. Akaniambia, "Papa, mashabiki ya zamani bote bamekufa, umebaki weye. Tangu utoto banatuita watoto ya mwenye kuuza match. Useme mbele ya watu: baba yangu aliuza ao hapana?"

Nikamjibu, "Mama, ni zamani. Sikumbuki vizuri."

Hakukasirika. Alinisimulia tu kwamba viatu vile bado vipo Banalia, ndani ya sanduku. Baba yake alivipaka mawese kila mwaka visipasuke, akisema, "Benyewe batarudi kuviomba."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Niende kwa Mama Zaina peke yake nimwambie, nibaki na heshima kwa wajukuu wangu? Lakini baba yake nilimwaibisha mchana, mbele ya watu. Au nisimame Jumapili, wajukuu wangu wakiwa wamekaa mstari wa mbele? Ninyi mnaosoma, nionyesheni njia. Na yeyote atakayeniambia ninyamaze kwa sababu ni mzee, namwomba kwanza anieleze Mama Zaina, aliyetukanwa tangu utoto, naye akanyamaze wapi.