Mlango Nilioupigia Hodi

Wa kulaumiwa ni wawili, na wote wako hai. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyepanga safari ya Mombasa, siku mbili, wakati mahindi yanakomaa. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeniambia, "Enda tu, kaka. Shamba nitalinda mimi."

Mguu wangu ulivunjwa na ndovu kwenye shamba hilo hilo, huku Kasigau. Kwa hivyo nilijua ninachokiacha. Lakini marehemu baba alikuwa mchukuzi bandarini, na alituhadithia milango ya Mji wa Kale mpaka tukaiota. Nikapanda treni Voi na wenzangu.

Mji wenyewe si mkubwa. Vichochoro, paka, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Milango ipo, imechongwa kama baba alivyosema. Wenzangu walikuwa wanaiegemea wakipigwa picha. Mimi nilishindwa. Kwetu husimami mlangoni kwa mtu ukikodoa macho bila kubisha. Basi nilipofika kwa ule mkubwa kuliko yote, nikapiga hodi.

Kwaya yote ikacheka. Mama mmoja mtu mzima akafungua.

"Karibu, baba. Wamtaka nani?"

"Nimekuja kuuona mlango, mama."

"Wote waja kuuona. Hodi umepiga wewe tu. Haya, pita uuone na huku nyuma."

Nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa, kuanzia chini mpaka kwenye komeo.

"Paka oili chafu ya lori," nikamwambia. "Sisi hupaka nguzo za ua."

"Nyumba inuke gereji?" Akacheka, akanipa kahawa.

Niliporudi, mahindi yalikuwa yamelala chini, nyayo za ndovu kila mahali. Ndugu yangu alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kulindia, hanitazami.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilishuka Voi kidogo tu, kaka."

"Na ndovu wakapita kidogo tu."

Mke wangu hakumsemesha. Alinigeukia mimi. "Mwaka huu basi tutakula milango."

Ndugu yangu akatoka kibandani. Tukachukua panga, tukaanza kukata mabua ya kulisha ng'ombe, yeye mstari wake, mimi wangu. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba alipouliza, bila kuinua kichwa:

"Na ni mikubwa kweli, vile mzee alikuwa anasema?"

"Ni mikubwa," nikasema. "Lakini inaliwa."