Njiwa wa Bellevue Wahamia Shambani

Safari hii ilitokana na njiwa wa mume wangu. Mwenye nyumba tunayopanga huku ugenini, mtaa wa Bellevue, alichoka na kinyesi juu ya bati lake, akasema akiwakuta Jumatatu atawawekea sumu. Mume wangu, Mrundi wa Rumonge, anawapenda ndege wale kuliko anavyonipenda mimi, na nimeshazoea.

Jumamosi asubuhi tulikodi gari, njiwa wakiwa nyuma kwenye maboksi. Tulipita mtaa wa Observatory, tukisimama kwenye kila taa ya barabarani, ambayo huku huitwa roboti, hadi mji ukaisha, nyasi kavu zikaanza.

Shambani tulipokewa na Papa Ilunga wa Lubumbashi, mlinzi wa pale, tunayesali naye kanisa moja. Ndiye aliyetuombea nafasi kwa mama mwenye shamba, ambaye nyumba yake ya njiwa ya zamani ilikuwa imekaa tupu.

Jamani, nyumba yenyewe! Ni mnara wa mviringo wa mawe, paa la vigae limechongoka, na kileleni pana uwazi wa kuingilia ndege. Katikati ya ukuta, kwa nje, ukingo wa mawe umechomoza kuuzunguka mnara wote, ili panya akipanda agonge kichwa arudi chini. Mlango ni mfupi, lazima uiname. Ndani, ukuta mzima ni matundu ya viota, safu juu ya safu, na ngazi imeshikizwa kwenye nguzo ya katikati. Ukiisukuma inazunguka, inakufikisha kwenye kila tundu. Niliona wivu waziwazi, maana sisi na watoto wetu watatu, wote wazaliwa wa Bellevue, tunalala chumba kimoja.

Tukawaingiza njiwa ndani, tukaziba uwazi wa juu. Mchana mambo yakaharibika. Madam, yule mwenye shamba, alikuwa na wageni, akataka wawaone njiwa wakiruka siku hiyohiyo. La sivyo turudi nao. Mume wangu akakataa. Wakifunguliwa leo, alisema, watarudi moja kwa moja Bellevue kula sumu.

"Eish, sasa nitaambia madam nini?" Papa Ilunga akauliza.

"Mwambie wageni waingie ndani," mume wangu akajibu.

Wakaingia mmoja mmoja, wameinama na kofia zao, wakasimama kimya wakiwasikiliza njiwa wakiguna kwenye matundu. Madam alitoka akitabasamu, akasema ndege wabaki.

Jioni, tukirudi, nilimuuliza mume wangu watafungiwa hadi lini, mpaka waisahau Bellevue?

"Hawasahau, Mama Neema. Njiwa mkubwa hasahau kwao. Ila akishaangua vifaranga mahali, hata ukimfungulia haondoki."

Kila mwaka mimi humuuliza ni lini tutarudi kwao Rumonge, naye hubadilisha mazungumzo. Mwaka huu sikumuuliza.