Pasipoti ya Koku Kwenye Mikungu ya Ndizi

Tuwekeane dau hapa hapa, tena dau la jogoo aliyenona: hadithi hii hutaiamini. Utasema hakuna msichana wa Muleba aliyeitwa Uholanzi akalipwe kwa kupiga kampira kadogo kwa gongo. Yupo. Anaitwa Kokugonza, na jogoo wako umeshamkosa. Utasema sawa, yupo, lakini haiwezekani safari yake ya ndege ikaharibiwa na mikungu ya ndizi. Iliwezekana. Waulize wapagazi wa bandari ya Bukoba. Ukiona uvivu kwenda bandarini, muulize Josia mwenyewe, ingawa siku hizi ukimuuliza habari hiyo anaangalia viatu vyake.

Na Josia si mtu wa kuangalia viatu. Huyu ni mtu wa ndizi. Ananunua mikungu kutoka Ngenge mpaka Muleba, anaipakia kwenye pikapu ya Omary, inashuka Bukoba kupanda meli ya Mwanza. Shule aliiacha darasa la sita. Mwenyewe anasema shule ndiyo ilimwacha, kwa sababu ilikuwa inakwenda polepole na yeye ana haraka. Ukiwa na digrii mbele yake umekwisha. "Haya nshomile," atakwambia, "wewe uliyesoma, niambie huu mkungu ni wa kupika au wa kutengenezea pombe ya rubisi?" Ukibabaika tu, anawaita majirani waje wakuone.

Mdomo huo umempa vyeo viwili. Cha kwanza, ndiye mpiga mnada pale usharikani. Jumapili ibada ikiisha watu wanatoka nje, na zile sadaka za mazao, mapapai, mayai, mikungu, kuku, zinapigwa mnada uwanjani. Josia akishika trei ya mayai utadhani ameshika dhahabu. Cha pili, ni mtani wa ukoo mzima. Mama yake na marehemu baba yake Kokugonza ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo yeye na Koku ni mabinamu, na binamu ana ruhusa. Kwenye harusi anateka kiatu cha bibi harusi, anakaa nacho mpaka wamkomboe kwa kuku. Kuna harusi moja aliteka suruali ya bwana harusi. Bwana harusi alichelewa kanisani, watu walicheka mwaka mzima.

Halafu kuna lile jambo la hoki. Ukikaa na Josia dakika moja atakuwa ameshakwambia kwamba Koku alifundishwa na yeye. Si uongo wote. Walipokuwa wadogo alimchongea fimbo ya mti wa mbuni iliyopinda mwishoni, akafunga mpira wa makaratasi na nyuzi za mgomba, wakawa wanapigiana kibanjani, shambani nyuma ya nyumba, mpaka mama yake Koku, Mama Agnetha, anatoka na ufagio kwa ajili ya migomba yake. Baadaye Koku akaenda chuo Dar es Salaam, akakuta kuna timu ya mpira wa magongo, akaomba kujaribu. Hawakumtoa tena. Akawa mfungaji wa chuo, akachezea timu ya taifa. Alipomaliza masomo, klabu moja ya Uholanzi iliyomwona kwenye mashindano ikamwambia: njoo, kazi yako iwe hii.

Muleba nzima ilivimba kichwa. Josia alivimba zaidi. "Waholanzi wanamlipa yeye," alikuwa anasema sokoni, "lakini fundi ni mimi. Wangekuwa waungwana wangeniuliza kwanza."

Siku ya kumuaga Koku, Mama Agnetha alipika ndizi za nyama, samaki, maharage, na senene wa kwenye kopo waliobaki tangu msimu uliopita. Mchungaji alikuja. Pikapu ya Omary ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara na mzigo wa Josia, mikungu mibichi iliyokatwa asubuhi ile ile. Koku alikuwa na kipochi cheusi cha kuvaa shingoni, ndani kuna pasipoti yenye viza na tiketi. Alikitundika nyuma ya mlango aende kuwanawisha wageni mikono.

Josia akakiona. Sasa binamu mwenye akili zake angefanya nini? Akakiteka. Akatoka nacho kama anakwenda chooni, akakichomeka katikati ya mikungu kwenye pikapu, akafunika kwa jani. Akarudi na uso wa mtakatifu. Mpango wake ulikuwa mzuri: wakishashiba atasimama, atatangaza kipochi kimetekwa, Mama Agnetha atapiga kelele "Mawe!", yaani mama yangu wee, kuku ataletwa, watacheka.

Lakini mchungaji aliomba. Yule mchungaji akiwaombea wanaosafiri anaomba na ndege, na rubani, na mawingu yatakayokuwa mbele ya rubani. Baada ya maombi chakula, baada ya chakula wazee wakaanza kutoa maneno, na Josia naye akatoa ya kwake, marefu, jinsi alivyogundua kipaji. Alipokuwa katikati ya sifa zake, Omary alipigiwa simu kwamba meli inapakia. Omary ni mtu wa heshima, hakutaka kukatisha hotuba. Akaondoka kimyakimya na pikapu yake.

Josia alipotoka nje kuchukua kipochi, barabarani palikuwa na doa la mafuta tu.

Alidandia bodaboda mpaka Bukoba. Njia nzima anampigia Omary, simu ya Omary imeisha chaji. Bandarini alimkuta Hafidhi, dalali wake, mtu mpole wa Kagondo, amesimama juu ya rundo la ndizi anapanga zipande melini.

"Hafidhi! Usipakie! Kuna pasipoti humo!"

"Ya nani? Ya mkungu?"

"Ya Koku, ndugu yangu! Acha mchezo!"

"Leo wewe ndiye unaniambia niache mchezo?" Hafidhi akacheka, lakini akashuka. Wakapangua mkungu mmoja mmoja. Kipochi kilikuwa chini kabisa, kimebanwa kati ya vikonyo viwili vilivyokatwa. Zipu ilikuwa haijafungwa vizuri. Utomvu ulikuwa umeingia.

Ukizaliwa Kagera unajua utomvu wa mgomba. Ukigusa shati, shati hilo linakuwa la shambani mpaka linachanika. Josia anaishi nao kila siku, nguo zake zote zina ramani. Akaifungua pasipoti. Karatasi zilikuwa zimeshikana. Ule ukurasa wa viza ulikuwa na doa linalong'aa pembeni, bado bichi, halijawa jeusi.

"Mpelekee hivyo hivyo," Hafidhi akasema. "Mwambie. Huenda wakamkubalia."

"Nimwambie nini? Kesho anaondoka! Lete mafuta ya taa."

"Josia, usiguse."

"Nani anajua utomvu hapa, mimi au wewe? Lete."

Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta kama anavyofuta mikono yake. Utomvu ulitoka, kweli. Na baadhi ya maandishi yakatoka nao. Herufi zilitanuka kidogo, rangi ikawa kama imelia. Hafidhi aliangalia ziwani. Josia akaipepea pasipoti juani mpaka ikakauka, akaifunga, akajiambia haionekani sana. Ukiiangalia kwa mbali.

Simu ikaita. Koku.

"Binamu, umekiona kipochi changu? Tumepekua nyumba nzima, mama analia."

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mlangoni. Kilichotoka ni kile alichozoea.

"Kimetekwa! Leteni jogoo Bukoba, kwa Hafidhi, Kagondo. Tena awe na mkia!"

Alisikia watu wote kule wakipumua kwa pamoja kwenye simu, halafu kicheko, halafu sauti ya Mama Agnetha: "Josia wewe, bojo, nakuomba, utaniua!"

Jioni walifika Kagondo na jogoo. Koku alimpiga Josia ngumi za mgongoni, akakivaa kipochi shingoni bila kukifungua. Kwa nini akifungue? Si kilikuwa kwa binamu yake? "Ukifika huko," Josia akamwambia, "waambie kocha wako anawasalimia." Wote wakacheka. Hafidhi hakucheka. Asubuhi Koku akapanda ndege ya kwenda Dar es Salaam, na Josia akapunga mkono uwanjani mpaka mkono ukauma.

Dar es Salaam, kwenye kuondoka kwenda ng'ambo, afisa alifungua ukurasa wa viza, akauinua kwenye mwanga, akaita mwenzake. Ndege ikaondoka bila Koku. Kuomba viza upya kukawa na miadi, na miadi ikawa na foleni, na kule ligi ikaanza. Klabu ilivumilia kiasi. Halafu wakamwandikia kwa upole kwamba nafasi wamempa msichana mwingine, labda msimu ujao wataona.

Koku akarudi Muleba. Watu walipomuuliza alisema mvua iliingia kwenye kipochi. Basi. Hakuongeza neno.

Na watu, unawajua watu. "Msomi mzima, pasipoti inamshinda kutunza!" "Digrii haina mfuniko!" Mama Agnetha alikuwa anasikia hayo sokoni, anajifanya anachagua nyanya. Nyumbani naye alimgombeza mwanawe: "Nilikwambia uifunge kwenye nailoni. Sikukwambia?" Koku anajibu, "Ulinambia, mama."

Josia hakuwa akila vizuri. Yule jogoo aliliwa kwa Hafidhi siku ile ile na Josia alimeza mapaja yote mawili ili asiulizwe kwa nini hali. Sasa akipita nyumbani kwa Mama Agnetha anazunguka kwa nyuma, kibanjani, mtu mzima anajificha kwenye migomba. Lakini Jumapili ukafika mnada, uwanja umejaa, wanamsubiri achekeshe, na Josia bila mzaha ni kama redio bila betri. Akanyanyua mkungu mkubwa uliofungwa kwa kamba.

"Tazameni mafundo haya! Huu umefungwa vizuri kuliko pasipoti ya Koku!"

Uwanja mzima ulicheka. Mkungu ulinunuliwa bei nzuri. Josia akamwona Koku amesimama karibu na ukuta wa kanisa, anacheka na yeye, meno yote nje, na macho hayacheki.

Alimfuata nyumbani. Walikaa nyuma ya jiko, Koku anamenya ndizi, kisu kinakwenda haraka.

"Koku."

"Sema, kocha."

"Usiniite hivyo leo." Akang'oa unyasi, akaukata vipande. "Ile mvua..."

"Kwenye ndege ya Dar," Koku akasema bila kuinua kichwa, "mzee aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nimebeba taa ya chemli. Nilidhani ananitania. Nikafungua kipochi, nikanusa." Akatupa ndizi kwenye beseni. "Nani mwingine kwenye ukoo huu anaosha kila kitu kwa mafuta ya taa?"

Josia akavitupa vile vipande vya unyasi.

"Ulijua siku zote hizo? Kwa nini ulisema mvua?"

"Mama angekufukuza usikanyage hapa. Nilipoteza Uholanzi, sikutaka nipoteze na binamu wiki hiyo hiyo. Na nilijua utasema. Nikasema ngoja, Josia mdomo haumtoshi, atasema tu." Kisu kikasimama. "Nikangoja. Leo umesimama mbele ya watu ukanicheka."

"Koku, waitu, ndugu yangu, nilikuwa..."

"Ulikuwa unatania. Najua."

Josia angeweza kulia pale, ingekuwa rahisi. Hakulia. Alikwenda ndani kwa Mama Agnetha, akapiga magoti kama anavyopiga mtu anayeomba mke, akamwambia yote: mlango, pikapu, vikonyo, kitambaa. Mama Agnetha alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Na jogoo wangu ulimla?"

"Nilimla, mama."

"Na leo ukamcheka."

"Nilimcheka."

Nje kisu cha Koku kilikuwa kimeanza tena. "Mimi umeshaniambia," Mama Agnetha akasema. "Lakini hawakucheka hapa jikoni kwangu. Walicheka kule. Nenda kule." Akamgeuzia mgongo, akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wiki hiyo Josia hakununua hata mkungu mmoja. Alijaribu kutunga namna ya kulisema jambo lile lichekeshe. Alitunga moja, akatunga la pili zuri zaidi, akayasema peke yake njiani kutoka Ngenge, akayatupa.

Jumapili ibada ilipoisha watu walitoka, wakakaa kwenye nyasi. Koku na mama yake walisimama pale pale ukutani. Mzee wa kanisa akampa Josia trei ya mayai ya kuanzia. Akaishika. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajasema, kama kawaida yao. Mmoja akapaza sauti, "Tuambie, mayai haya yana pasipoti?" Kicheko kikapita uwanjani.

Josia akaiweka trei chini. Alikuwa amesahau mikono inakaa wapi isiposhika kitu.

"Koku hakuharibu pasipoti yake," akasema. "Niliiharibu mimi. Jumapili iliyopita nilisema hajui kutunza. Nilikosea."