Nilisema Barua Zishuke

Kosa lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe, na bado linanichoma. Mimi ni wakala wa forodha. Miaka yangu mingi imeishia Bandari ya Mtwara nikihangaika na makaratasi ya mizigo ya watu. Fundi alipokuja kufunga baruapepe kwenye kompyuta mpya ya ofisini, aliniuliza bila hata kuinua macho, "Mzee, tuweke POP au IMAP?"

"Ndiyo nini hivyo?"

"Yaani barua zibaki kwenye seva, au zishuke kwenye mashine yako?"

Kwa mtu wa bandarini swali hilo lina jibu moja. Mzigo uliobaki melini ni balaa: unakwenda zake bandari nyingine, na mteja anakutukana kwa simu. Nikajibu kibosi, "Zishuke zote! Kisibaki kitu huko." Akabofya, akaondoka. Hakuniambia kwamba zikishuka hapo kule zinafutwa, na simu yangu haitaziona tena. Au labda aliniambia nami nilikuwa nimeshageukia mambo mengine. Namlaumu hivyo hivyo.

Siku zile binti yangu alikuwa ameomba kazi ya uuguzi. Simu yake ilikuwa imekufa, akaandika anwani yangu kwenye fomu. "Yako ndiyo ya uhakika, Baba," alisema, nami nikavimba kichwa.

Haikupita wiki nikateguka mguu, nikabaki nyumbani Magomeni, hapa hapa Mtwara, nimeuweka juu ya stuli. Kila asubuhi binti alileta chai, akasimama pale pale.

"Baba, kimeingia chochote?"

Nafungua simu: hakuna ujumbe mpya. "Hakuna, mwanangu. Hao hawana haraka."

Siku ya nne hakuuliza tena, akawa ananitazama tu. Nikamfokea, "Ingekuwepo si ningekuambia? Kwani naificha chini ya mto?" Hilo nalijutia kuliko yote.

Nilirudi kazini nikichechemea. Mwenzangu alikuwa akiiacha kompyuta inawaka kutwa, nayo kila baada ya dakika chache ilikuwa inavuta kila kilichoingia. Katikati ya barua za wenye meli nikaiona: kuitwa kwenye usaili. Ilifika siku ya pili tangu niteguke. Usaili ulikuwa Jumanne. Siku niliyoisoma ilikuwa Alhamisi; usaili ulishapita.

Fundi nilimwita kwa hasira, akaja, akabadilisha ikawa IMAP. Sasa barua inabaki kule kwenye seva, na ofisini na kwenye simu naiona ile ile. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi. Dakika kumi! Nilitamani kumpiga na kibodi.

Nilichapisha barua nikampelekea binti yangu. Aliisoma jikoni, akairudia tarehe.

"Uliniambia hakuna."

Nikaanza kumweleza habari za POP na seva, maneno yakinitoka mbiombio. Alinisikiliza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Baba," akageuka kuepua muhogo.

Juzi kanambia ameomba kazi nyingine. Nikamsihi aandike tena anwani yangu, maana sasa kila kitu kimekaa sawa. Akanijibu kwa adabu zote kwamba ameshafungua ya kwake. Nikamwomba anipe, nimtumie japo salamu za kujaribu.

"Nitakuandikia, Baba," alisema.

Simu naifungua kila asubuhi. Hajaniandikia.