Siku Baba wa Al-Rawdah Alipopata Neno

Ipo siku moja ya Jeddah, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio.

Nilikuwa msichana wa Kisauni, nikifanya kazi za nyumbani kwa madamu mmoja mtaa wa Al-Rawdah. Tuliishi na baba yake, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu. Mzee huyo alikuwa akiandika kitabu juu ya Mwingereza mmoja wa kale, miongoni mwa wa kwanza kutunga kamusi ya kueleza maneno ya Kiingereza yametoka wapi. "Alikosea mengi," Baba aliniambia kila nilipompelekea chai, "lakini waliomfuata walianzia alipoishia." Macho yalimng'aa kama ya mtu anayesimulia harusi yake.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulipona, ulimi ukakataa. Daktari alisema tuzidi kuzungumza naye, lakini miezi ilipita, madamu akaanza kukata tamaa.

Asubuhi moja nilimwekea chai, nikajisahau nikamuuliza kwa Kiswahili, "Baba, sukari?"

Midomo ikatikisika. Nami kwa huruma nikawahi kijiko. Madamu akanishika mkono. "Shwaya shwaya," akaninong'oneza, yaani polepole. "Ukimsemea wewe, yeye atasema lini?"

Nikatulia. Nikarudia tu, "Sukari."

"Su... sukkar," Baba akasema. Tukatazamana. Akavuta pumzi, akaongeza kwa Kiingereza, "Sugar."

Wee! Nilikimbilia jikoni nikarudi na limau, nikamtajia jina lake. Akalishika, akaligeuza. "Leimun," akasema, kisha, "lemon." Kahawa ikawa gahwa, gahwa ikawa coffee. Neno la Kiswahili lilimwamshia la Kiarabu, la Kiarabu likamvutia la Kiingereza, na madamu akicheka huku machozi yanamtiririka. Bandu bandu huisha gogo: baadaye Baba alirudi kwenye kitabu chake, yeye akisema, bintiye akiandika, hadi kikaisha.

Sasa nawe unakwenda kazini kwa watu. Utakutana na mgonjwa, mtoto au mgeni anayetafuta la kusema. Usimnyang'anye kwa haraka zako, hata kama ni haraka za huruma. Mngoje, mwenda pole hajikwai. Wala usikionee haya Kiswahili chako ugenini, kina ndugu wengi huko.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mabosi wenye utu, na akurudishe kwa mamako ukiwa mzima na mwenye mengi ya kutusimulia.