Oili Nyeusi ya Gari la Mjomba Mafabi

Nakumbuka Ijumaa moja kuliko ninavyoikumbuka siku niliyooa, mwanangu, na mke wangu analijua hilo wala hagombi. Siku hiyo niliharibu gari la mtu aliyenipenda, na mzee mmoja akanifanya fundi.

Wewe uliyekuja kujifunza ufundi kwangu unaniona leo nina gereji hapa Mbale, geti la chuma, mashine ya kuinulia magari, na watoto wawili waliomaliza chuo. Shule mimi niliachia darasa la nne. Sioni haya kulisema. Nimejenga kwa mikono hii. Lakini mikono haikujifundisha yenyewe, na ndiyo maana nakuandikia. Wiki iliyopita nilikuona ukivuta kijiti cha kupimia oili ya gia kwenye gari kuukuu, ukakunja pua, ukaenda moja kwa moja kuchukua ndoo. Nilikuzuia kwa ukali mbele ya watu. Sasa nakueleza kwa nini.

Wakati huo nilikuwa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwenye barabara ya Iganga. Gereji ilikuwa ya Mzee Ramadhani, Mnubi, mtoto wa askari na mjukuu wa askari. Yeye hakuvaa sare hata siku moja, ila alitengeneza malori ya jeshi miaka mingi, basi watu wote wakamwita Afande. Kiswahili hiki ninachoandika alinifundisha yeye, maana Kigisu changu hakukijua na Kinubi chake sikukijua. Wengi siku zile hawakukipenda Kiswahili, kiliwakumbusha kupigwa na askari. Mimi kinanikumbusha spana namba kumi na nne, na sauti ya mzee ikisema polepole, bwana, bolti haina mbio.

Mwaka wa kabla yake nilikuwa nimekwenda kwetu Bugisu kutahiriwa. Kwetu kijana husimama uani mchana kweupe, amepakwa unga, ukoo mzima ukimkodolea macho, na kisu kikipita hapepesi hata kope. Ukitikisika, aibu itakufuata mpaka kwa watoto wako. Mimi sikutikisika. Mjomba wangu Mafabi, kaka wa mama, alikuwa amesimama hatua tatu mbele yangu, na nilipomaliza akanipa ndama jike. Nikarudi Jinja kifua mbele. Kosa langu lilianzia hapo, mwanangu. Nilidhani ujasiri ule wa uani ndio unaotakiwa kila mahali. Nikaacha kuuliza. Niliona kuuliza nako ni kutikisika.

Basi Ijumaa hiyo Mjomba akaja kutoka Mbale na gari lake. Gari dogo la Kijapani, gia otomatiki, lililotembea sana huko ng'ambo kabla halijapanda meli, likaja kutembea tena kwetu. Alilinunua kwa shamba la kahawa aliloliuza, mteremko mzima aliorithi kwa baba yake. Sasa gari ndilo lilikuwa shamba. Lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa, na watoto wake sita walikula humo. Alitaka tu oili ya injini na plagi. Afande alilizunguka, akasema ataliangalia akirudi kutoka msikitini, akavaa kanzu yake, akaenda.

Mimi sikungoja. Nikavuta kijiti cha gia. Oili ilikuwa nyeusi kama kahawa ya msibani, inanuka ugali ulioungua. Nikamwonyesha Mjomba kwenye kidole, nikamwambia gari lako linakunywa sumu. Akakuna kichwa, akasema mbona gia zinaingia, ila asubuhi tu ndiyo linachelewa kidogo kuondoka. Sikia hapo, mwanangu. Linachelewa kidogo asubuhi. Mgonjwa alikuwa anajieleza, na daktari hana masikio.

"Mzee wako hatumngoji?" Mjomba akauliza.

"Mjomba, uliniona mbele ya kisu. Leo niogope oili?"

Akacheka, akanipiga begani. Mtu akikupenda hukuamini hata mahali usipostahili kuaminiwa.

Nikamwaga yote. Sikuridhika na ile inayoshuka yenyewe. Nilifungua na bomba linalokwenda kwenye rejeta, nikawasha injini isukume iliyobaki, huku natia mpya kwa juu, mpaka ikatoka nyekundu safi. Sampu, yaani lile bakuli la chini, sikulifungua. Oili chafu nikampa seremala jirani apake nguzo zake, maana mchwa hawaipendi. Nikalipeleka gari hadi Kimaka na kurudi, barabara tambarare, likaenda bila kikohozi. Mjomba alifurahi sana. Akasema anateremka Wanyange, ziwani, amnunulie mkewe samaki, kisha ashike njia ya Mbale.

Kuteremka liliteremka. Kupanda ndiko kulikoshindikana. Baadaye tukamwona Mjomba anakuja amepakiwa nyuma ya baiskeli ya boda, samaki mkononi, shati limelowa jasho. Injini inanguruma, alisema, lakini gari limekaa katikati ya mlima kama ng'ombe aliyegoma mnadani. Afande alikuwa amesharudi. Tulikwenda na lori lake, tukaliinua magurudumu ya mbele, tukalivuta polepole hadi gerejini. Pale akavuta kijiti, akautazama ule wekundu, akaunusa, akanitazama mimi.

"Oili ya zamani iko wapi?"

Nikasema ilikuwa mbaya, nimempa seremala.

"Kimbia. Lete iliyobaki."

Nguzo nane zilikuwa zimeshapakwa. Nilirudi na nusu jerikeni. Afande alikuwa amekwisha kuifungua sampu, jambo ambalo mimi nilipaswa kuanza nalo. Chini kulikuwa na tope jeusi, na sumaku inayokaa humo kunasa chuma ilikuwa imeota ndevu. Akanishika shingo, akaniinamisha pale, akaongea chini chini ili Mjomba asisikie.

"Ndani kuna sahani za klachi, zimelika. Unga wake ulikuwa kwenye oili, na huo unga ndio ulikuwa unazisaidia kushika. Sufuria kuukuu ya bibi yako imezibwa na ukoko wake. Wewe umeisugua ing'are, sasa inavuja. Hili gari lilikuwa gonjwa, bwana. Ungeniuliza, tungemwambia mwenyewe achague. Hukuuliza. Umemchagulia wewe."

Akaichuja ile oili ya zamani kwa kitambaa, mara mbili, akasafisha sampu na chujio, akachanganya na mpya, akajaza, akaipasha injini moto, akapima. Gari likashika. Halikushika vizuri, ila lilishika.

Mjomba akatushukuru sana. Akasema gari kuukuu ni kama mtu mzima, leo goti, kesho mgongo, bora limeharibikia kwa watu wake. Hakujua. Alidhani limejiharibikia lenyewe. Na mimi, mwanangu, niliokota spana iliyokuwa safi nikaanza kuifuta.

Afande akaniita nyuma ya lori.

"Mbele ya kisu ulisimama muda gani?"

"Haifiki hata dakika, Afande."

"Nenda kasimame dakika nyingine. Mwambie mjomba wako ulichofanya. Mimi sitamwambia. Na usipomwambia, kesho usije hapa. Mtu asiyejua nitamfundisha. Anayeficha nitamfundisha nini?"

Nikaenda. Miguu iliyosimama mbele ya ukoo mzima ikatetemeka mbele ya mtu mmoja mwenye samaki. Nikamwambia yote: kwamba Afande alitaka tumngoje, kwamba sampu sikuifungua, kwamba gari lilikuwa linadokeza na mimi nikajifanya bingwa. Mjomba akakaa juu ya tairi. Nilingoja kofi, halikuja. Alimuuliza Afande kama litafika Mbale. Afande akasema litafika kwa mguu mwepesi, ila maisha yake sasa ni mafupi, aanze kutafuta giaboksi nyingine.

Mjomba aliinuka juu ya tairi. Halafu akaniambia, "Shamba limekwenda, na gari linakwenda. Ungenificha, ningepoteza na mtoto wa dada. Panda. Likikwama njiani utasukuma wewe."

Tulifika bila kusukuma, mwendo wa bibi harusi njia nzima. Giaboksi ile ilivuta msimu mmoja wa kahawa, ikafa. Zile wiki lilizolala gari, watoto wa Mjomba walilala mapema ili njaa isiwakute macho. Hilo nalijua kwa sababu nilikuwa nawapelekea unga, na sitaki ulisahau ukisikia mtu anasema kosa la fundi ni dogo. Alipopata giaboksi ya gari lililopata ajali, mafundi walikuwa tele Mbale. Akaniita mimi. Majirani wakamwambia amechanganyikiwa. Akawajibu, "Huyu akiharibu, ananiambia." Maneno hayo aliyarudia sokoni, aliyarudia misibani, na watu wakaanza kuniletea magari yao. Gereji hii unayoiona imesimama juu ya maneno hayo matatu. Mjomba na Afande, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Afande alizikwa Jinja, na nilikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Sijapata kumshukuru mtu yeyote kama ninavyomshukuru mzee aliyekataa kunisaidia kudanganya.

Sasa nakupa nasaha yenyewe, bila kuzunguka. Gari ambalo oili ya gia imekuwa ikibadilishwa kwa wakati wake, badilisha bila woga. Lakini lile lililotembea sana na hakuna ajuaye lilibadilishwa lini, weka ndoo chini kwanza. Muulize mwenyewe linaondokaje asubuhi. Liendeshe mpaka lipate moto, lipandishe mlima. Likiteleza au likichelewa kushika, mwambie wazi kwamba oili mpya inaweza kulimaliza, na akubali kwa mdomo wake kabla hujafungua kitu. Likishika vizuri, fungua sampu, tazama sumaku: vumbi laini ni uzee, vipande ni maradhi. Badilisha chujio, rudisha kiasi kilekile kilichoshuka, oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, wala si ile ya bei nafuu dukani. Litembee wiki chache, kisha urudie. Haba na haba. Usiisukume yote itoke kwa siku moja kama nilivyofanya mimi. Pima oili injini ikiwa moto na inazunguka, mahali tambarare, isipokuwa kitabu kikisema vingine. Na ile ya kurudisha oili ya zamani usiite dawa. Ilikuwa fimbo ya kumfikishia mgonjwa nyumbani.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Gari la mtu ni chakula cha watoto usiowajua. Kuuliza hakukupunguzii kimo. Nina miaka zaidi ya sitini na bado nauliza, hata wewe nitakuuliza hizo kompyuta za magari mapya, na unijibu kwa adabu.

Mungu akupe macho ya kuona kabla mkono haujatenda. Akupe wateja wenye subira, na mke atakayekusamehe harufu ya dizeli. Akuwekee karibu mtu wa kukukemea ukiwa bado unakemeka, na siku ukiwa mzee, watu wakileta magari yao kwako, wakuachie ufunguo waende zao bila kugeuka nyuma. Amina, mwanangu. Kesho fika mapema.